Ramani Iliyokuja na Gari: Historia Fupi ya Kusasisha Mifumo ya Kuonyesha Njia katika Magari ya Zamani

Yeyote aliyepanda gari la binafsi au teksi hapa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam ameisikia sauti ya yule mwanamke wa Kijapani. Dereva akiwasha tu, mwanamke huyo husema maneno machache kwa adabu, kisha hunyamaza. Abiria wengi hudhani wanakaribishwa. Mara nyingi kinachosemwa ni kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa, yaani kadi ya ule mfumo wa malipo ya kielektroniki ulioenea Japani kuanzia 2001. Gari limevuka bahari, limeshushwa Mombasa au Dar es Salaam, limeendeshwa hadi Kampala, na bado linadai kadi ya kupitia lango la barabara ya Tokyo.

Makala hii inahusu jirani wa sauti hiyo: ile skrini iliyo katikati ya dashibodi, yenye ramani isiyotuhusu. Mafundi wetu huiita redio tu, na nitakuwa nikiiita hivyo mara kwa mara, ingawa ndani yake mna redio, ramani, kipokezi cha setilaiti na mara nyingi kamera ya nyuma. Swali ni jepesi kuliuliza: je, mtu anaweza kusasisha programu ya kifaa hicho, katika gari la miaka kumi au zaidi, bila kukiharibu? Nimeona kwamba jibu haliwezi kupatikana bila historia. Kusasisha hakukuwa jambo la hatari tangu mwanzo. Hatari iliingia kidogo kidogo, kila ramani ilipohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na gari lililoko mbele yako limesimama mahali fulani katika safari hiyo.

Tuanze 1981. Mwaka huo kampuni ya Honda iliwauzia Wajapani kifaa kilichoitwa Electro Gyrocator. Hakikutumia setilaiti hata moja. Ndani yake mlikuwa na kipima-mzunguko kilichofanya kazi kwa mkondo wa gesi ya heli, pamoja na kihesabu cha umbali. Gari likigeuka, kifaa kilijua limegeuka kiasi gani. Likisonga, kilijua limesonga kiasi gani. Ramani yenyewe ilikuwa karatasi ya plastiki inayopenya mwanga, iliyochomekwa mbele ya skrini ndogo, na nukta ya mwanga ilitembea nyuma yake. Ukitoka nje ya karatasi, unachomoa hiyo na kuchomeka nyingine. Kusasisha, basi, kulikuwa ni kununua karatasi mpya. Hakuna aliyeweza kuua kifaa kwa kubadilisha karatasi.

Miaka minne baadaye, yaani 1985, kampuni moja ya California ilileta Etak Navigator. Jina hilo lilichukuliwa kutoka kwa mabaharia wa Pasifiki, ambao katika mbinu yao ya etak hukifikiria chombo kuwa kimetulia huku visiwa vikipita kando yake. (Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba manahodha wetu nao walisafiri kwa nyota muda mrefu kabla ya skrini. Inapendeza kwamba walau kampuni moja iliona aibu kudai imevumbua kila kitu.) Ramani za Etak zilikaa kwenye kanda za kaseti, na mji mmoja mkubwa uliweza kuhitaji kanda kadhaa. Hapa pia kusasisha kulikuwa ni kununua kanda. Kampuni hiyo haikudumu kwa jina lake: mwaka 2000 ilichukuliwa na Tele Atlas, na Tele Atlas ikachukuliwa na TomTom mwaka 2008. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo mnunuzi wa gari huwa halifikirii. Gari linaweza kuishi miaka 30, lakini mwenye ramani yake huenda akawa ameuzwa mara mbili au tatu katika muda huo.

Mwaka 1987 Toyota iliweka ramani ya CD katika gari la Crown, na mwaka 1990 Mazda ikatoa Eunos Cosmo, gari lililotoka kiwandani likiwa na kipokezi cha setilaiti za GPS. Setilaiti hizo ni mali ya jeshi la Marekani. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa na Wasovieti Septemba 1983, na watu 269 kufa, serikali ya Reagan ilitangaza kwamba raia wa dunia nzima wangeruhusiwa kutumia mfumo huo. Hata hivyo, ishara ya raia ilivurugwa kwa makusudi, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Uvurugaji huo ulisimamishwa Mei 2000. Kwa mtu wa Kampala, mita 100 ni tofauti ya kuwa kwenye barabara ya lami au kwenye uchochoro wa nyuma yake.

Sasa tufike mahali mambo yalipobadilika kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 DVD ilichukua nafasi ya CD, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wajapani wakaanza kuweka diski ngumu ndani ya redio. Kisha ikaja kadi ya SD. Ukitazama kwa juu utasema ni maendeleo ya kawaida, ukubwa ukiongezeka na umbo likipungua. Lakini pamoja na ukubwa kulikuja jambo jingine: diski na kadi hazikubeba ramani peke yake tena. Zilianza kubeba programu inayoendesha kifaa chenyewe. Aliyebadilisha karatasi ya mwaka 1981 alibadilisha picha. Aliyesasisha redio ya mwaka 2011 aligusa ubongo wake.

Hapa inafaa nieleze kinachotokea ndani, maana bila hilo mashauri ya usalama huonekana kama miiko ya wazee. Programu hukaa katika kumbukumbu ambayo haifutiki umeme ukizimwa. Ili kuandika toleo jipya, kifaa hufuta kwanza sehemu ya toleo la zamani, kisha huandika juu ya nafasi hiyo, sehemu kwa sehemu. Katikati ya kazi hiyo kuna dakika ambazo kifaa hakina toleo la zamani lililo kamili wala jipya lililo kamili. Umeme ukikatika wakati huo, kifaa kikiwashwa tena hakina pa kuanzia. Vifaa vya siku hizi aghalabu huhifadhi nakala mbili, ili moja ikiharibika nyingine iamke. Redio nyingi za zamani hazina anasa hiyo.

Ndiyo maana neno la kwanza katika kusasisha gari la zamani ni betri, hata kabla ya kuizungumzia programu. Betri iliyochoka huweza kuwasha taa na redio bila shida, kisha ikashuka ghafla baada ya nusu saa ya kazi. Maelekezo ya watengenezaji hutofautiana: wengine hutaka injini iwe inawaka, wengine hutaka gari lizimwe na kuunganishwa na chaja. Fuata ya kifaa chako. Ikiwa injini itawaka, gari liwe nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na kazi hiyo isifanywe gari likiwa mwendoni, wala mtu asizime ufunguo kwa kuwa tu asilimia zimegoma kusonga. Asilimia hizo huweza kusimama kwa muda mrefu huku kazi ikiendelea.

Jambo la pili ni utambulisho. Modeli ile ile ya gari, ya mwaka ule ule, yaweza kuwa na redio tatu tofauti kutegemea soko ilikouzwa. Programu iliyotengenezwa kwa redio ya Ulaya ikiingizwa katika redio ya Japani, bahati ni kwamba itakataliwa. Balaa ni kwamba itakubaliwa. Kwa hiyo mtu huandika kwanza namba ya redio iliyo kwenye kibandiko chake, toleo la programu linaloonekana kwenye ukurasa wa mipangilio, na namba ya chasisi. Baadhi ya watengenezaji, hasa wa magari ya Ulaya yanayotufikia kupitia Uingereza, hufunga ramani kwa namba ya kufungulia inayotokana na namba ya chasisi, hivyo ramani iliyonunuliwa kwa gari moja haifungui nyingine. Toleo lililopakuliwa kwa mtu asiyejulikana, likiwa na namba ya bure, lina hatari mbili: huenda si la kifaa chako, na huenda si salama hata kidogo.

Nirudi kwenye kadi ya SD, kwa sababu ndiyo inayotutesa zaidi Afrika Mashariki. Redio nyingi za Toyota za miaka ya 2010 zilizouzwa ndani ya Japani zinahitaji kadi ya ramani ili ziwake. Ikiwa betri imechomolewa na kadi haipo, skrini huandika kwa Kijapani kwamba kadi sahihi iingizwe, na hapo hakuna redio, hakuna muziki, na katika magari mengi hakuna kamera ya nyuma. Kadi nyingine yenye mafaili yale yale kwa kawaida haikubaliki, kwa kuwa kifaa husoma pia namba ya ndani ya kadi yenyewe.

Mjomba wangu, anayeendesha teksi, alijifunza hayo kwa gharama yake. Alipeleka gari kubadilishiwa betri. Fundi alichomoa kadi, akaona ramani ni ya Japani, akasema haina kazi. Siku mbili baadaye mjomba alirudi.

“Fundi, redio yangu imekufa.”

“Haijafa, mzee. Imejifunga tu. Kadi yake iko wapi?”

“Si wewe uliyeitoa?”

Kadi haikuonekana tena. Labda iliingia kwenye simu ya mtu, ikafutwa, ikajazwa nyimbo. Mjomba alizunguka soko la Kisekka, akaambiwa anunue skrini ya Kichina. Alinunua. Kamera ya nyuma haikuelewana nayo kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo alikuwa akipiga rivasi nyumbani huku akiwaita wanawe kwanza, mmoja mmoja kwa jina, ili ajue wako wapi.

Kisa hiki hakina sasisho ndani yake, lakini ndicho kinachonifanya niseme kwamba kwa magari mengi yaliyotoka Japani usalama wa programu huanza kwa kutoichezea. Kabla betri haijachomolewa, uliza kama redio inategemea kadi. Kadi ikitolewa, isiingizwe kwenye simu, maana simu huweza kupendekeza kuiumba upya, na kidole kikikubali, yote yamekwisha. Mafaili yake yaweza kunakiliwa kwenye kompyuta ili yarudishwe katika kadi ile ile yakiharibika. Mimi ningeiandikia sheria fundi yeyote: kadi ikae ndani ya gari ilimotoka.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusiweke ramani ya Uganda katika redio hiyo ya Kijapani? Kwa nyingi kati ya hizo, ramani hiyo haikutengenezwa kamwe. Redio ilibuniwa kwa barabara za Japani, taarifa za msongamano za Japani zilizoanza kutangazwa 1996, na hata mawimbi ya redio ya Japani. Huko FM ilianzia megahezi 76 na kwa muda mrefu iliishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko kati ya 88 na 108. Wauzaji hutatua la redio kwa kijisanduku cha kuhamisha mawimbi. La ramani halina kijisanduku. Ukiwasha ramani hapa Kampala, mshale hubaki pale gari lilipokuwa mwisho huko Japani, au huelea juu ya rangi tupu.

Wakati watengenezaji wa magari walipokuwa hawatuoni, ramani zetu zilichorwa na watu wengine. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao wenyewe. Na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wanafunzi wa vyuo wakiwa miongoni mwa wachoraji. Ramani hizo zimo kwenye simu zetu. Ndiyo maana dereva wa leo hushikilia simu mbele ya skrini kubwa iliyozimwa. Barabara ya mwendokasi ya Kampala hadi Entebbe ilifunguliwa 2018, na daraja jipya la Jinja mwaka huo huo. Diski iliyochapwa kabla ya hapo, hata ingekuwa ya Uganda, ingekupeleka juu ya bwawa la zamani.

Hata hivyo, kuna tatizo ambalo ramani mpya haiponyi, na ambalo wanahistoria wangelipenda kwa kuwa ni tatizo la tarehe. Setilaiti za GPS hutangaza wakati kwa kuhesabu wiki tangu 6 Januari 1980. Namba ya wiki ilipewa biti 10 tu, hivyo huhesabu hadi wiki 1,024, kisha hurudi sifuri. Ni kama kalenda ya ukutani ambayo ikifika mwisho inaanza upya bila kuandika mwaka. Mzunguko wa kwanza uliisha usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999. Japani, nchi iliyokuwa imejaa vifaa hivi kuliko nyingine, madereva walikuta baadhi ya skrini zao zimeshindwa kazi. Wa pili uliisha Aprili 2019.

Watengenezaji wengine walijaribu kukwepa tarehe hizo kwa kukipa kipokezi wiki yake ya kuanzia. Hilo halikuondoa mwisho, lilihamisha tu siku yake. Januari 2022 wenye magari mengi ya Honda na Acura ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 waliamka wakakuta saa za magari yao zimerudi mwaka 2002. Honda iliwaambia wateja kwamba saa ingejirekebisha Agosti mwaka huo, na wengi walisubiri. Hapa kuna funzo la vitendo: aliyekimbilia kufuta mipangilio au kuingiza programu ya kuokoteza ili kutibu saa alijiweka katika hatari kubwa kuliko ugonjwa. Kabla ya kusasisha, mtu na ajue ni ugonjwa gani sasisho hilo linatibu.

Kwa maana sasisho lenyewe huweza kuwa ugonjwa. Juni 2016, data yenye kasoro kutoka huduma ya taarifa za msongamano na hali ya hewa ilitumwa hewani kwa magari ya Lexus huko Marekani. Skrini zikaanza kujizima na kujiwasha bila kikomo, zikichukua pamoja nazo redio na ramani. Wenye magari hawakubonyeza kitu chochote. Mwaka mmoja kabla yake, Julai 2015, watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba waliweza kuiingilia Jeep kupitia skrini yake, wakiwa mbali, hadi kuifanya ipoteze mwendo barabarani. Fiat Chrysler iliyaita magari milioni 1.4, na wenye magari wakatumiwa flashi kwa posta ili wasasishe wenyewe. Wataalamu wa usalama walinung'unika, na walikuwa na haki: ukimzoeza mtu kuchomeka katika gari lake flashi yoyote iliyokuja na barua, umemwandalia njia tapeli wa kesho.

Visa hivi viwili vinapingana, na sidhani vinaweza kupatanishwa kwa kanuni moja. Cha Jeep kinasema sasisha upesi, kwa kuwa skrini iliyounganishwa na mtandao ni mlango. Cha Lexus kinasema subiri kidogo, wengine watangulie. Kwa maoni yangu, kigezo ni kama gari lina mawasiliano ya simu ndani yake. Redio ya DVD ya mwaka 2006, isiyo na intaneti, haina mlango wa mbali. Anayeiacha kama ilivyo hapotezi chochote ila barabara mpya. Gari la 2014 lenye mtandao halina ruhusa hiyo ya uvivu, na sasisho lake litoke kwa mtengenezaji au wakala wake.

Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria inayokataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kuundwa. Kenya hukata kwa miaka minane. Maana yake ni kwamba kila nchi ya jirani inapokea kizazi tofauti cha skrini, na fundi wa Nairobi hukutana na tatizo miaka kadhaa kabla ya mwenzake wa Kampala. Kizazi cha karatasi na kanda hakikutufikia, cha DVD kinakwisha, cha kadi kiko barabarani, na cha mtandao kimeanza kushuka bandarini. Hesabu ya wiki za GPS itarudi tena sifuri usiku wa kuamkia 21 Novemba 2038. Gari lililoundwa 2024 litakuwa na umri wa miaka 14 siku hiyo, na kwa sheria ya sasa litakuwa bado lina ruhusa ya kuingia Uganda.